Maisha ya Sévère Hatungimana, Mlinzi wa Kaburi Lililoachwa Wazi

Padri wetu, wakubwa wa ukoo, majirani na ninyi mliofanya kazi na Baba, mimi ni Candide, mtoto wake wa tatu, nimeombwa kusoma kwa sababu maneno haya niliyaandika kwa mkono wangu, na kama sauti yangu ni ndogo naomba mnivumilie na msogee karibu.

Baba yetu Sévère Hatungimana alizaliwa Kiliba, katika bonde la Ruzizi, mwezi wa Februari mwaka 1909, akasoma shule ya misioni toka mwaka 1919 mpaka 1923, akajua kusoma, kuandika na kuhesabu, na huko akabatizwa. Toka mwaka 1926 alibeba mawe ya barabara, na tarehe 1 Machi 1938 akapewa ulinzi wa makaburi haya tunamosimama, kazi aliyoifanya miaka kumi na tisa bila kukosa hata Jumapili.

Tarehe 18 Agosti 1934 alifunga ndoa na mama yetu Émérance, wakapata watoto watano, wawili walitangulia wakiwa wadogo, tuliobaki ni Léopold, Célestine na mimi, na mjukuu ni mmoja, binti yangu Anne, aliyezaliwa tarehe 2 Machi mwaka huu wa 1957.

Kazi ya Baba mnaijua, ukuta huu unagawa, ndani wanalala watu wa Ulaya, nje tunalala sisi wengine wote, na kwa kuwa joto la ziwa halimngoji maiti, amri ilikuwa kaburi moja la ndani liwe limechimbwa siku zote. Lakini sisi tumefundishwa na wazee kwamba shimo tupu huita mtu wa kulijaza, kwa hiyo kila jioni Baba alilaza kipande cha mgomba ndani yake badala ya mtu, na asubuhi alikitoa kabla msimamizi wa Kizungu hajapita, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza.

Mwaka 1950 ililetwa orodha ya nchi za Ulaya ambazo watu wake huzikwa ndani, akaipigilia kwenye mlango wa kibanda cha majembe, Ubelgiji ilikuwa juu kabisa, Ureno na Ugiriki chini, Malta iliongezwa kwa penseli, Uturuki ilikatwa kwa mstari, na kila alipofika maiti mgeni Baba aliuliza kwanza nchi yake, ndipo akachukua kamba ya kupimia.

Siku ya Jumanne tarehe 14 Mei mwaka huu alifariki mfanyabiashara wa samaki wa mtaa wa Kimanga, yule tuliyemwita Bwana Ndagala kwa ajili ya dagaa wake, mtu wa kisiwa cha Kipro, na Kipro haikuwamo katika orodha, wala juu wala chini. Baba aliona kwamba marehemu alisali na Wagiriki, aliandika barua kwa lugha yao, na ngozi yake ilikuwa kama yao, akamzika ndani, katika kaburi lililokuwa tayari.

Tarehe 3 Juni msimamizi alikuja na kitabu cha ramani, akaweka kidole baharini chini ya Uturuki, akasema kisiwa hicho ni cha Asia, akaamuru marehemu atolewe siku hiyohiyo na kupelekwa nje ya ukuta. Baba alimtoa kwa heshima, akamzika upya pale mnapoona msalaba wa mbao mweupe, na kwa kuwa shimo jipya la ndani, alilolianza baada ya mazishi yale, lilikuwa limefika kwenye mwamba, aliamriwa aliache, na lile alimotolewa mtu libaki wazi kungoja mwingine.

Jioni Baba alilaza mgomba, msimamizi akaukuta asubuhi, akautupa nje akisema, "Apana tia migomba humu, hii ni kaburi, si shamba lako," na kwamba akiuona tena Baba atapoteza kazi na nyumba. Toka siku hiyo shimo lilikaa tupu, mvua zikaanza, kingo zikamomonyoka na kulipanua, na mle nyumbani Baba aliacha kucheka, akimwambia Mama, "Ile shimo haijue kusoma liste, iko inangoja muntu tu."

Jumatatu tarehe 11 Novemba mwanangu Anne alishikwa na homa, akakataa ziwa, na Jumatano tarehe 13 akawa hafungui macho. Saa nane mchana, mvua ikinyesha, Baba alitoka bila kuaga, Léopold akamfuata, akamkuta amelala chali ndani ya shimo lile, mahali pa mgomba, na Baba akamwambia, "Niache, mwanangu, lishibe," wala hakukubali kutoka mpaka jua lilipozama. Usiku huo Anne alinyonya.

Baba alirudi akitetemeka, kifua kikambana, akalazwa hospitalini tarehe 15, na jana Alhamisi tarehe 21 Novemba 1957, saa kumi na moja alfajiri, alifariki, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane.

Tunawashukuru daktari na wauguzi waliomhudumia mchana na usiku, majirani waliopika na kukesha nasi, na wachimbaji wenzake waliomchimbia hapa nje, karibu na Bwana Ndagala, bila kudai malipo. Tunamshukuru pia jirani yetu Norbert wa Kavimvira, aliyekata mgomba shambani kwake, ndio huu uliofunikwa kwa kitenge kando ya jeneza.

Ndugu zangu, shimo la ndani bado li wazi, na toka asubuhi Anne anakohoa hapa mgongoni kwangu. Leo lango halina mlinzi, maana mlinzi ndiye tunayemzika, basi tukimaliza huku tunaomba wenye majembe wasiende nyumbani, tuingie wote ndani ya ukuta, tuulaze mgomba na kufukia mpaka juu, kabla jua halijazama.

Baba, wewe sasa pumzika, mahali pako hapo ndani tunapaziba, na amani ikulaze.