Bakuli la Kumuaga Mbunge Lindquist

Haya, nikutegee mjukuu wangu: mgeni gani hubisha hodi kila baada ya miaka miwili, ukimkaribisha chai anakataa, anakimbilia mlango wa jirani? Umeshindwa? Ni mgombea ubunge wa jimbo.

Basi, mzee Delmar alikuwa ndani ya basi liendalo kwenye bunge la jimbo, mjini Saint Paul, kando ya mama asiyemjua aliyepakata bakuli la viazi na nyama vya kuoka.

"Nakwenda kumuaga mbunge wangu, Lindquist. Anastaafu leo," mama alisema. "Nina neno la kumwambia. Nikimkosa leo, basi tena."

"Yule mwanamume mwenye mume?"

"Huyohuyo. Hakuficha tangu kampeni ya kwanza. Walikuja yeye na mumewe mlangoni kwangu, wamelowa theluji."

"Na kura ulimpa?"

Mama akavuta kitambaa juu ya bakuli. "Nilipofiwa, walikuja kunizolea theluji uani. Miaka ishirini bungeni, na jina la paka wangu analikumbuka."

Delmar alichanganyikiwa. Huyu mama anampenda mbunge au anamwogopa?

"Bibie, nakuuliza kura, unanijibu paka!"

"Usinifokee, mzee. Bakuli la moto hili."

Basi likasimama mbele ya bunge. Mama akainuka, uso umemwiva.

"Kura sijampa hata mara moja," alisema. "Chaguzi kumi, na kila mara nilimwambia nimempa."