Vumbi Lililopita kwa Lomax

Wasikilizaji wapendwa, jioni hii hatutapiga muziki. Tunamkumbuka Clive Pettifer, mkata manyoya ya kondoo, mtu wa hapa hapa Mulgaree. Clive Pettifer aliyeondoka peke yake na pikipiki kwenda Corrinup, kwa njia za ndani za vumbi, na hakufika.

Mlimjua. Na kama hamkumjua, mlimsikia, maana pikipiki yake kuukuu ilikohoa kuanzia kituo cha mafuta mpaka posta. Aliiita Bi Mkubwa. Alikata manyoya tangu ujana, mgongo ukapinda kabla ya wakati wake. Na alikuwa mchelewaji. Tuseme ukweli, mwenyewe angecheka. Alichelewa harusi yake. Alichelewa mazishi ya mama yake, akakuta watu wanakung'uta udongo viatuni. Sababu siku zote ilikuwa chai. Clive hakuweza kupita nyumba ya mtu. Alisimama anywe kikombe kimoja, akaondoka baada ya chakula cha usiku, ameshamaliza habari za wilaya nzima.

Mchelewaji huyu alikuwa na binti mmoja, Kerrin, kule Corrinup. Binti alimngoja baba kwenye mahafali, akamngoja kwenye harusi, mwisho akachoka kungoja. Wakakaa miaka bila kusemezana. Halafu mwaka huu Kerrin akajifungua mtoto wa kiume. Akapiga simu, si kwa baba, kwa shangazi yake Noreen, dada mkubwa wa Clive aliyekuwa akiishi naye.

"Shangazi, mtoto anabatizwa Jumapili. Mwambie aje. Lakini akichelewa na mara hii, asije tena. Sitanii."

Haya kanisimulia Noreen mwenyewe, jikoni kwake. Anasema Clive aliposikia alikaa chini, akasimama, akakaa tena. Kisha akaenda bandani kuchagua ngozi ya kondoo ya kumlaza mjukuu. Aliifua kwa mikono yake, akaikausha kivulini, akaichana mpaka ikawa laini kama mtoto mwenyewe.

"Panda ndege ndogo," Noreen akamwambia.

"Nifike kwa mwanangu nimebebwa kama gunia la viazi? Nina Bi Mkubwa."

"Haya, pita njia ya lami."

"Lami inazunguka, dada. Njia za ndani ndizo za mkato."

"Na hicho kidude cha kuitia msaada?"

"Hicho cha watalii." Akakiacha mezani. Mpaka leo kipo pale mezani.

Noreen akamshika kola ya koti. "Nisikilize, we mzee. Usisimame kwa mtu. Kwa akina Lomax usisimame, hata Bev akikupungia keki. Chai ndiyo iliyokukosesha mtoto."

"Na haja ndogo je?"

"Kichakani. Si kwa Bev!"

Wakacheka. Clive akaifunga ngozi ndani ya turubai, akalifunga turubai nyuma ya Bi Mkubwa, akaondoka. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, na safari ni ya siku mbili.

Nyumba ya akina Lomax ndiyo ya mwisho. Ukishaipita, hakuna mtu tena mpaka Corrinup. Mchana ule Bev Lomax alikuwa anaanua nguo. Akaona vumbi linakuja barabarani, akasikia mlio wa pikipiki. Vumbi likafika usawa wa lango, likapita, likaenda zake.

Mumewe, Wal, akauliza kutoka barazani, "Huyo si Clive?"

"Clive gani? Clive apite hapa bila chai? Labda awe amekufa."

Wakacheka, wakaendelea na kazi. Wasikilizaji, Bev mwenyewe kaniambia haya, na hakuniangalia usoni alipokuwa akiyasema.

Jumapili ikafika. Kerrin alimwekea baba kiti mbele kanisani. Mtoto akabatizwa, kiti kitupu. Kerrin hakupiga simu kwa yeyote. Alisema moyoni, hajabadilika. Na Noreen, alipoona simu hailii, naye akasema moyoni, kasimama kwa Bev, sasa anaona haya. Alikasirika siku mbili nzima. Ndipo akampigia Bev.

"Mwambie huyo mjinga ashike simu."

"Clive? Noreen, Clive hajafika hapa."

Hajafika kwa Lomax. Neno hilo likaenda nyumba hadi nyumba, likafika polisi. Wakatoka watu kwa magari, kwa farasi, na ndege ikaruka. Wakatafuta kati ya Mulgaree na kwa Lomax, kila kijito kikavu, kila kichaka. Walitafuta kwa moyo wote, nami nawashukuru. Walitafuta nyuma. Hakuna aliyetafuta mbele, maana kila mtu alijua Clive hajapita kwa Lomax. Clive hapiti kwa Lomax bila chai.

Aliyemwona ni dereva wa greda, akisawazisha barabara kutokea upande wa Corrinup. Clive alikuwa amebakiza kipande kidogo afike lami. Gurudumu lilizama kwenye mchanga laini, Bi Mkubwa akamwangukia mguuni. Chupa zake za maji zilikuwa tupu, zimepangwa vizuri kandoni. Daktari anasema aliishi siku kadhaa. Siku zake za mwisho sisi tulikuwa nyuma yake, tunaita jina lake mahali alipokwisha kupita.

Ngozi ilikuwa bado imefungwa kwenye turubai, karibu na mkono wake. Baridi ya usiku wa kule inauma mifupa. Hakuifungua. Ilikuwa safi vilevile.

Kerrin alikuja mazikoni na mtoto mgongoni. Alikabidhiwa turubai, naye hajalifungua. Alimwambia Noreen, "Shangazi, mimi ndiye niliyesema asije tena." Noreen akamjibu, "Na mimi ndiye niliyemwambia asisimame. Maisha yake yote hakuwahi kunisikiliza. Siku hiyo akanisikiliza."

Wasikilizaji wapendwa, nimetafuta neno la faraja wiki nzima, sikulipata. Tunampa pole Noreen. Tunampa pole Kerrin na mwanawe. Tunampa pole Bev, ambaye siku hizi vumbi likionekana hutoka mbio mpaka langoni. Nawe uliyeko nyumbani, kama kuna mtu unamngoja na umeshaanza kumkasirikia, mpigie. Usiseme atakuwa kwa fulani. Mpigie huyo fulani.

Noreen ameniomba niseme jambo moja hewani, na nimemwahidi. Polisi walikuta majivu ya moto aliolala kando yake Ijumaa. Kwa mwendo wake, alianguka Jumamosi mchana. Jumamosi, wasikilizaji. Ubatizo ulikuwa Jumapili. Jioni ile ile angekuwa mlangoni kwa binti yake, anapiga hodi, na usiku mzima bado uko mbele yake.

Clive Pettifer hakuchelewa.