Mama Simbi Hakuugua kwa Muda Mfupi

Marehemu, mliyemzoea kwa jina la Mama Simbi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa tatu wa fundi cherehani. Alisoma hadi darasa la saba, akafaulu. Karo ilikwenda kwa kaka yake, jambo ambalo hakulisahau wala kulinyamazia.

Mwaka 1996 aliajiriwa kwenye karakana ya mapambo. Kazi yake ilikuwa kutoboa simbi, magamba ya konokono wadogo wa bahari, ili zitungwe mikufu. Alizipenda. Ukizimwaga ovyo mezani alikukemea: "Taratibu, hizo ni nyumba za watu."

Mumewe, fundi viatu, alimpata hapo hapo karakanani. Alimletea ndara alizozipamba mwenyewe, simbi zote kazibandika kifudifudi, midomo chini. Marehemu akacheka: "Umezifunga midomo zote. Mimi utaniweza?" Walioana tarehe 9 Agosti 1998. Hakumweza, na hakujuta.

Kutoboa simbi kunatoa vumbi jeupe. Marehemu aliomba barakoa na madirisha yafunguliwe. Mwenye karakana, aliyeketi mstari wa mbele leo, alimjibu, "Vumbi hilo tunawauzia wafugaji wakalishe kuku. Umesikia kuku gani amekufa?"

"Kuku wanalimeza, bosi. Sisi tunalivuta."

Wenzake walicheka. Kesho yake akahamishiwa kona isiyo na dirisha kabisa.

Alianza kukohoa mwaka 2011. Mwishoni alikuwa analala ameketi. Daktari alipotazama picha ya mapafu yake alimuuliza kama alifanya kazi kiwanda cha saruji. Alifariki kitini tarehe 2 Juni 2024, mumewe akimshikilia.

Karakana ilijitolea kuchapisha wasifu huu, mradi tuandike kwamba "aliugua kwa muda mfupi." Tulikataa, ndiyo maana picha yake hapo juu imefifia, ni kopi ya dukani. Aliugua miaka kumi na mitatu. Familia ina hasira na haiombi radhi. Shada la simbi lililoletwa asubuhi halitawekwa kaburini. Aliyelileta ataondoka nalo.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja wa kiume na mjukuu. Ameacha pia wanawake wanne kwenye meza ile ile ya kutobolea. Wawili kati yao ndio hao mnaowasikia wakikohoa hapo nyuma.

Mama apumzike kwa amani. Sisi tusipumzike kwanza.