Bwana Harusi wa Tanuru la Zinki: Wasifu wa Kaka Yetu

Kaka yetu mkubwa, ambaye wengi mlimwita Bwana Harusi, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1962, nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani. Alimaliza darasa la saba mwaka 1976. Mwalimu wake alilalamika kwamba hakubali jibu mpaka aone njia yake.

Mwaka 1984 aliajiriwa katika kiwanda cha chuma. Vumbi la tanuru lilikuwa likimwagwa shimoni, hadi ilipojulikana lina zinki ya mabati chakavu yaliyoyeyushwa humo. Akahamishiwa tanuru la pili, ambako vumbi huchomwa pamoja na makaa. Zinki hupanda kama moshi, ikipoa huwa unga wa kuuzwa. Msimamizi aliwaambia vumbi halina neno. Kisha paka wa ghalani, aliyelala juu ya magunia ya vumbi hilo, akaanza kutetemeka, akafa.

“Paka naye aliambiwa halina neno,” alisema kaka. Tangu hapo hakutoka kazini bila kuoga na kubadili nguo.

Alifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1991. Shemeji hakuambiwa habari za paka. Aliona tu mtu wa tanuruni anarudi ananukia sabuni, na barabarani wenzake wanamwita, “Bwana Harusi!” Mtoto wao wa kwanza alipokuwa akitambaa, uvumilivu ulimwisha shemeji, akamfuata mumewe hadi langoni mwa kiwanda.

“Yuko bombani, shemeji,” mlinzi alimwambia.

“Na nani?”

“Na sabuni.”

Alimkuta akijisugua kucha, nguo za kazi zimelowekwa kwenye ndoo. Ndipo kaka akamweleza habari za vumbi na paka.

“Kwa nini hukusema, baba watoto?”

“Ungenikataza kazi. Na yule wetu anatambaa, kila kitu mdomoni.”

Mwaka 2017 figo zilianza kumsumbua. Daktari wa kiwanda alisema ni umri. Yule wa hospitali kuu alimuuliza kazi yake, akaagiza damu ipimwe kama ina sumu ya madini ya risasi, ambayo nayo huwamo katika vumbi lile. Majibu tunaambiwa bado. Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Juni 2023, mkewe akiwa kando yake. Majibu tungali tunayauliza.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, nasi wadogo zake wawili. Mtoto wake wa pili sasa yuko kwenye tanuru lilelile. Kila jioni mama yake humnusa mlangoni. Asiponukia sabuni, haingii.

Apumzike kwa amani kaka yetu, aliyerudi nyumbani safi siku zote.