Nyonga za Kamanda

Wapendwa, nashukuru kupewa nafasi hii, na nashukuru zaidi kwamba mchungaji hakuniuliza nataka kushuhudia nini, maana nimekuja na habari za mbwa. Chekeni tu. Hata mke wangu aliyekaa pale nyuma ameshajifunika kitenge usoni. Lakini ndugu zangu, mtu anaweza kuangushwa na pombe, anaweza kuangushwa na tamaa za mwili, na mimi nawaambia anaweza kuangushwa na mbwa.

Wengi mnanijua kwa kazi ya kutoa mizigo forodhani hapa mpakani. Kazi ile ilinizoesha jambo moja: karatasi ikiwa na muhuri, mzigo umepita. Hufungui kila gunia. Lori likiwa na nyaraka zake geti linafunguliwa, dereva anaingia Nakonde, upande wa Zambia, na wewe unakwenda kunywa chai yako kwa amani.

Nilipoanza kufuga mbwa wa Kijerumani nikaenda nao kwa akili hiyo hiyo. Nilinunua dume kutoka ng'ambo ya mpaka, nikamwita Kamanda. Mbwa mzuri jamani, kifua mbele, masikio juu, akipita barabarani hata boda wanasimama. Alikuja na cheti cha ukoo, kimeandikwa baba yake, babu yake, mpaka babu wa babu, na muhuri mwekundu chini. Mimi mwenyewe ukoo wangu siujui hivyo. Nikakitia kwenye fremu, nikakitundika sebuleni karibu na picha ya harusi. Mteja akiniuliza, "Huyu mbwa ni mzima?" namwonyesha ukutani.

Sisi wafugaji tuna desturi: ukipandisha jike lako kwa dume la mtu, mwenye dume anachagua mtoto mmoja. Mimi nilikuwa nachagua majike. Yakikua, nayapandisha kwa Kamanda huyo huyo, baba yao. Nilisema nalinda damu. Ng'ombe nisingewafanyia hivyo, marehemu baba alinifundisha kubadilisha dume mapema, lakini mbwa mwenye cheti nikaona ana sheria zake. Huo ndio ujinga wangu, na sikuuona kwa sababu watu walikuwa wananisifu.

Katika uzao mmoja alikuja mama mmoja wa kule Mbozi, mjane, mkulima wa kahawa. Watoto wake wako mbali, anakaa peke yake, akataka mbwa wa kumsindikiza shambani. Nikampa jike. Nikammiminia sifa za mbwa huyo njiani mpaka stendi.

Mbwa hajafikisha mwaka, mama akarudi. Alikuja na bodaboda, amempakata mbwa mapajani kwenye kanga kama mgonjwa anayepelekwa zahanati. Akamshusha uani kwangu. Mbwa akajaribu kusimama, miguu ya nyuma ikatawanyika, akakaa. Akajaribu tena. Mama hakuja kugomba. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, nimemkosea nini huyu mnyama?"

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoanguka. Ningeweza kusema sijui. Nilimtazama yule mama, nikakitazama cheti changu kupitia mlangoni, nikasema, "Mama, umemlisha vibaya. Dona tupu haimfai mbwa wa aina hii. Anataka dagaa, anataka utumbo."

Akainamisha kichwa. Akasema, "Kweli, nimempa sana dona." Akamfunga mbwa wake kwenye kanga, akaondoka. Akaniachia na mkungu wa ndizi aliokuwa amekuja nao.

Haikupita miezi miwili. Mimi nilikuwa nimebakiza dada wa yule mbwa, tumbo moja. Asubuhi nampelekea chakula, nakuta anajivuta. Miguu ile ile, anavyokaa vile vile. Na huyu, wapendwa, alikuwa anakula dagaa na utumbo kuliko watu wengine wa mtaa huu. Sikuwa na wa kumsingizia.

Nikampakia yeye na Kamanda, tukaenda mbali kwa daktari wa mifugo mwenye mashine ya eksirei. Daktari ni dada mmoja mpole lakini hana utani na kazi. Akawalaza kwa dawa, akawapiga picha, akaniita. Akanionyesha kichwa cha mfupa wa paja, kinavyotakiwa kukaa ndani ya shimo la nyonga. Cha binti kilikuwa kinaning'inia nje. Cha Kamanda kilikuwa nusu nje, mfupa umeshaanza kusagika, ila yeye msuli mkubwa ulikuwa unamficha.

Nikatoa cheti changu mfukoni. Ndiyo, nilikwenda nacho, nimekitoa kwenye fremu.

Daktari akakisoma chote, akanirudishia. "Hapa wameandika baba yake ni nani," akasema. "Nyonga za huyo baba nani alizipima?"

Nikakikunja cheti. Akanieleza kwamba ugonjwa huu unarithiwa, kwamba lishe na uzito vinaweza kuuongeza, lakini mbegu yake inatoka kwa wazazi. Dume na jike walitakiwa wapigwe picha wakishakomaa, kabla ya kupandishwa, na mimi nilikuwa nimeurudisha ugonjwa juu ya ugonjwa kwa kumpandishia baba binti zake.

Mngedhani nilitoka pale nimeokoka. Sikuokoka. Nilirudi nyumbani nikakaa kimya wiki nne. Tena ndani ya wiki hizo alikuja mtu wa ng'ambo na jike lake, nami nikamfungulia Kamanda. Nalisema mbele yenu na linaniuma.

Aliyenivunja ni huyu mliyemwona na kitenge. Siku moja tulikuwa tunapukuchua mahindi. Anasema, "Yule mama wa Mbozi hupiga simu kwangu. Jana ameuliza kama dagaa wa Kamsamba wanafaa, au atafute wa kutoka mbali. Kuku wake wameisha, amewauza amnunulie mbwa dagaa. Anasema kila akimwona anajivuta, anaomba msamaha." Halafu akaendelea kupukuchua. Hakuniambia nifanye nini.

 Mbwa nilikuwa nimeshamharibu, hilo lilishapita. Lakini kulikuwa na mjane anajihukumu kila asubuhi kwa kosa langu, na ni mimi niliyemtwisha mzigo huo.

Kesho yake nikaenda. Ilikuwa msimu wa kahawa, nikamkuta anachambua punje kwenye chekecheke, mbwa amelala kwenye gunia jirani yake. Nikakataa kiti. Nikamwambia yote: nyonga, Kamanda, binti zake, daktari, na kwamba siku ile nilimdanganya.

Mama aliendelea kuchambua.  Halafu mikono ikasimama. Akasema, "Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe, mama."

Akalia. Mimi nami nikalia, mtu mzima, na majirani wanapita. Alipojifuta akaniambia, "Mwanangu, nimekusamehe, ila usidhani ni kazi ndogo uliyonipa." Kisha akauliza, "Na wengine umewaambia?"

Ndipo nikaanza kuzunguka. Yule wa ng'ambo nilimfuata siku hiyo hiyo. Mwenye yadi moja ya malori hapa Tunduma, niliyemuuzia mbwa wa kulinda, alinitukana mbele ya madereva wake, nikasimama nikamsikiliza mpaka alipochoka, maana alikuwa na haki. Kamanda nilimhasi. Mbwa wa mama anatumia dawa ya maumivu, amepunguzwa uzito, anatembea kidogo kidogo mpaka mwisho wa uzio. Shambani hafiki. Hilo siwezi kulirekebisha.

Namshukuru daktari aliyeniambia ukweli bila kunidharau. Namshukuru mke wangu na mahindi yake. Yule mama simtaji, lakini Mungu anamjua. Nanyi mnaouza chochote, iwe mbegu, iwe kifaranga, iwe pikipiki: mnunuzi akirudi na kilio, chunguza kwanza kwako kabla hujamtafutia kosa lake. Na mkinunua mbwa wa ukoo, ulizeni picha za nyonga za baba na mama. Muuzaji akikasirika, rudini nyumbani.

La mwisho. Nilikuwa nimenunua majike mawili mapya, damu nyingine kabisa, na baadhi yenu humu mmeshaweka oda za watoto, mmoja namwona ananitazama. Majibu ya eksirei yametoka juzi. Majike yote mawili yana nyonga mbovu. Kwa hiyo mzee wangu, samahani sana, mwaka huu sina mtoto wa kukupa.