Mlio Mmoja Uliosikika Mara Mbili

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko njiani, tembea taratibu. Leo tunamkumbuka mwalimu mmoja wa sayansi. Alifariki Jumatano iliyopita, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Wanafunzi wake walimwita Mwalimu Tega.

Huyu ni mwalimu aliyefundisha kosa moja, siku moja, kwa darasa moja la wanafunzi arobaini na wawili. Kisha akatumia miaka ishirini na mitano kulifuata kosa hilo nyumba kwa nyumba.

Hakuanza na sayansi. Alianza kama mwalimu wa useremala, mtu wa randa na msumeno, mwenye penseli nyuma ya sikio. Mwalimu wa sayansi alipohamishwa, mkuu wa shule alimwita ofisini.

“Wewe una mikono mizuri na unapenda kusoma,” akamwambia. “Shika sayansi mpaka tupate mtu.”

Mtu hakupatikana. Seremala akaishika sayansi mpaka alipostaafu.

Alijifundisha mwenyewe, sura moja mbele ya wanafunzi wake. Alikuwa na kitabu kimoja tu, alichoachiwa na mwenzake. Na kitabu hicho kilikuwa kimechanika. Katikati ya sura ya sauti, kurasa mbili hazikuwepo. Wasikilizaji wapendwa, zishikeni kurasa hizo mbili. Tutazirudia.

Siku ya somo la sauti aliingia darasani na rula ya mbao. Akaibana ukingoni mwa meza, akaacha sehemu ndefu nje, akaibonyeza na kuiachia. Rula ikatetema polepole, kwa mlio mzito. Akaifupisha. Sasa ikatetema upesi, na mlio ukawa mwembamba. Akawaambia watoto waweke vidole kooni na waseme “aaa”. Darasa zima likavuma kama mzinga wa nyuki.

“Mnausikia kwenye vidole?” akauliza. “Huo ni mtetemo. Hakuna sauti duniani ambayo haikuanza kwa kitu kutetema.”

Hapo alikuwa sahihi kabisa. Kosa lilikuwa nje, uwanjani.

Uwanja wa shule ulizungushiwa ua wa bomba la chuma, vipande vilivyochomelewa kimoja baada ya kingine. Upande mmoja wa ua huo ulikuwa na urefu wa hatua mia mbili. Mwalimu akawapanga wanafunzi mwisho mmoja, kila mmoja akiwa ameweka sikio kwenye bomba. Kiranja akaenda mwisho wa pili na jiwe. Akagonga mara moja. Mara moja tu.

Kulikuwa na msichana waliyemwita Kasuku, kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Akaruka.

“Mwalimu! Nimesikia mara mbili! Ya kwanza imekuja na bomba, ya pili imekuja na hewa!”

“Amegonga mara moja, Kasuku. Hiyo ya pili ni mwangwi.”

“Lakini mwalimu, ya kwenye bomba imetangulia.”

Mwalimu akafikiri. Kurasa za kumjibu hazikuwemo kitabuni. Akajibu kama seremala.

“Msumeno unapita wapi kwa urahisi, hewani au kwenye mbao ngumu?”

“Hewani.”

“Basi na sauti ni hivyo hivyo. Chuma ni kigumu, kinaichelewesha. Rudi kwenye mstari, usiwapotoshe wenzako.”

“Kasuku ana masikio ya akiba!” mmoja akapaza sauti. Wote wakacheka. Kasuku akarudi kwenye mstari. Kuanzia siku ile, katika somo la sayansi, hakunyoosha tena mkono.

Ijumaa ikawa na jaribio. Swali la nne: sauti husafiri kwa kasi zaidi wapi, hewani au kwenye chuma? Wanafunzi arobaini na mmoja waliandika “hewani”. Wakapata alama. Mmoja aliandika “kwenye chuma”. Akapigwa mkasi, ile alama ya kosa, kwa wino mwekundu, kwenye karatasi na kwenye daftari la alama. Huyo mmoja alikuwa Kasuku. Mwisho wa mwaka baba yake alihamishwa kikazi, na familia nzima ikaondoka.

Ikapita miaka kumi na mmoja.

Siku moja ua wa shule ulilegea, na fundi wa kuchomelea akaitwa. Mwalimu alikuwa mwisho wa pili, ameinama kukagua kiungo, sikio lake likagusa bomba bila yeye kukusudia. Akasikia ngo. Kisha, hewani, akasikia ngo nyingine. Akainua kichwa.

“Fundi! Umegonga mara ngapi?”

“Moja, mzee!”

“Gonga tena!”

Fundi akagonga. Ngo, ngo.

“Tena!”

“Mzee, unanikagua mimi au bomba?”

Mwalimu alikuwa ameketi kwenye nyasi na suruali yake ya kazi, ameshika kichwa. Fundi alipomfikia alidhani mzee ameishiwa nguvu. Akamkuta anasema neno moja tu: “Kasuku.”

Alasiri ile ile alikwenda kuazima kitabu kizima, kisichochanika. Akazisoma zile kurasa mbili. Nasi tuzisome pamoja naye, kwa ajili ya wanafunzi wanaotusikiliza. Sauti hupita kwa chembe moja kusukuma chembe jirani. Hewani chembe zimeachana, hivyo msukumo hukawia kufika. Kwenye chuma chembe zimeshikana imara, na moja ikitikisika jirani yake anapata habari papo hapo. Hewani sauti hukimbia karibu mita mia tatu na arobaini kwa sekunde. Kwenye chuma hukimbia karibu mita elfu tano. Sauti si msumeno. Ugumu ambao ungeuchelewesha msumeno ndio unaoiharakisha sauti.

Mkewe anaikumbuka jioni ile. “Aliingia na daftari la alama la zamani, lenye majina arobaini na mawili. Nikamuuliza, chai je? Akaniambia, mke wangu, nina watu arobaini na mmoja wa kuwanyang’anya alama, na mmoja wa kumrudishia. Nikadhani ni homa.”

Haikuwa homa. Kila likizo alichukua daftari akaondoka. Alimkuta mmoja ni kinyozi, mteja yuko kitini na povu shavuni.

“Mwalimu, umetoka huko kote kuja kuninyang’anya alama moja?”

“Ndiyo. Na wewe usiyumbishe wembe, sikia kwanza.”

Mteja naye akasikiliza somo zima la sauti, povu likimkaukia.

Mwingine alikuwa mwoka mikate. Akacheka mpaka akaegemea tanuri akaungua kiwiko. “Mimi hata hilo swali silikumbuki, mwalimu!”

“Basi likumbuke sasa,” mwalimu akamjibu, “halafu lisahau kwa usahihi.”

Na darasani alibadilika. Mtoto akisema amesikia kitu, mwalimu hakumwambia ndiyo wala hapana. Alikwenda kuweka sikio lake pale pale mtoto alipoweka la kwake. “Tega kwanza,” alisema. “Tutabishana baadaye.” Ndipo lilipotoka lile jina, Mwalimu Tega. Kwa hiyo, wasikilizaji wapendwa, jina tunalomkumbuka nalo alilipata kwenye kosa lake.

Miaka ikaenda. Arobaini na mmoja akawapata, wengine kwa miguu, wengine kwa simu. Wawili aliwakuta wameshafariki, akawaeleza watoto wao. Aliyebaki alikuwa mmoja. Kasuku. Aliuliza kwa majirani wa zamani, akaandika barua, barua zikarudi.

Binti yake ni muuguzi, na ndiye aliyemuuguza. “Wiki ya mwisho alikuwa hawezi kuketi,” anasema. “Alikuwa akigonga chuma cha kitanda kwa kucha na kulala na sikio juu yake. Nikamwambia, baba, pumzika, arobaini na mmoja wanatosha. Akanitazama. Akasema, mwanangu, hao arobaini na mmoja sikuwakosea kitu. Walinikubali tu. Niliyemkosea ni huyo aliyesikia vizuri.”

Akafariki hajampata.

Binti akatuletea daftari hapa kituoni, na Ijumaa tukatangaza kwamba kipindi hiki kitakuwepo. Saa moja baadaye simu ililia. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya utulivu. Anafanya kazi katika idara ya maji. Hutembea barabarani asubuhi na fimbo ya chuma, akaisimamisha juu ya ardhi lilipo bomba, akaweka sikio kwenye ncha yake, na kusikiliza maji yanapovuja chini ya lami. Akatuambia, “Mimi ndiye Kasuku.”

Tukamuuliza kama alimkasirikia mwalimu.

“Nimkasirikie vipi? Ni yeye aliyenifundisha kuweka sikio kwenye chuma. Ndiyo kazi inayonilisha.”

Mbona basi alinyamaza darasani?

Akajibu, “Tulipotoka shule siku ile nilirudi pale kwenye ua na kaka yangu. Akagonga mara kumi. Nikajua nimesikia sawa. Lakini mwalimu alikuwa mgeni kwenye somo. Akiandika ubaoni, alirudi kuchungulia kitabu kila mstari. Wenzangu walikuwa wanangoja akosee ili wamcheke. Nikasema, hapana, sitakuwa mimi. Nikafunga mdomo. Ila kwenye karatasi ya jaribio tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Pale nikaandika ukweli.”

Jumatatu asubuhi Kasuku na binti wa mwalimu walikutana pale uwanjani. Ua bado upo. Binti akaweka sikio. Kasuku akaenda hatua mia mbili na jiwe mkononi, akagonga.

“Mara ngapi, dada?” akaita kwa mbali.

Binti akainua kichwa, akajibu kwa sauti. “Mbili!”

Kisha binti akafungua daftari, akamwonyesha ule mkasi mwekundu, akampa kalamu ausahihishe. Kasuku akaufunika ukurasa kwa kiganja.

“Uache,” akasema. “Mkasi huu usingekuwepo, asingenitafuta.”

Wasikilizaji wapendwa, kwa mkewe aliyeachiwa chai ikapoa likizo baada ya likizo, kwa binti yake, na kwa wanafunzi wake wote, tunawapa pole kutoka moyoni. Mwalimu wetu apumzike kwa amani.

Nawe uliyebaki, leo kabla jua halijazama, mtume mtu aende mwisho wa pili wa ua wowote mrefu wa chuma, mbali kabisa, agonge mara moja. Weka sikio lako. Na mtoto aliye karibu nawe akikuambia amesikia kitu ambacho wewe hukukisikia, usimjibu bado. Inama pale alipoinama yeye. Tega kwanza.