Dkt. Rhoda Nabalayo Wekulo na Swali la Mafuta Ndani ya Damu

Dkt. Rhoda Nabalayo Wekulo alizaliwa Makongeni, Nairobi, tarehe 14 Mei 1961. Alikuwa kifungua mimba wa Mzee Wekulo, fundi wa reli, na Mama Khalayi.

Alisoma shule ya msingi papo hapo mtaani, sekondari Bungoma, na mwaka 1985 akahitimu Chuo Kikuu cha Nairobi. Aliendelea hadi uzamifu akichunguza chembe nyeupe za damu, zile zinazoulinda mwili. Mafuta tunayokula huingia katika utando wa chembe hizo. Nabalayo alitaka kujua kama mafuta ya samaki huzituliza, zisiwashe uvimbe pasipo haja. Walikuwapo waliomwambia swali kama hilo awaachie Wazungu. Hakuwaachia.

Mwaka 1988 aliolewa na Bw. Luseno, mwalimu, wakahamia Buruburu. Walijaliwa Nafula na Khalayi.

Mwaka 1994 viungo vilianza kumvimba. Madaktari walisema ni lupasi: chembe za ulinzi zinaushambulia mwili wenyewe. Swali la maabara likawa sasa limelala naye kitanda kimoja. Mumewe alimsihi ameze mafuta ya samaki.

“Sijui bado kama yanasaidia,” alijibu. “Nikijua, nitakuwa wa kwanza.”

Mwaka 1996 alirudi Makongeni kwa akina mama waliomlea. Aliwapima damu, akawagawa makundi mawili: moja likapewa vidonge vya mafuta ya samaki, jingine vya mafuta ya mahindi. Baadaye akagundua kuwa Mama Wakiuru alikuwa akimgawia vyake Mama Masinde, jirani yake wa kundi la pili.

“Magoti yanamuuma,” Mama Wakiuru alijitetea. “Nikae na dawa kabatini nikimwangalia tu?”

“Si dawa, mama. Ni utafiti.”

“Basi utafiti nao si umsaidie jirani? Ama huko chuo mlifundishwa kula peke yenu?”

Nabalayo alicheka hadi akashika ubavu, kisha akamwaga sampuli zote za damu alizokuwa amekusanya na kuanza upya. Safari hii aligawa makundi kwa mistari ya nyumba, majirani wote kundi moja, wagawiane watakavyo.

Mwaka huu lupasi ilifika kwenye figo zake, zikashindwa. Damu ya mwisho ya akina mama ilichukuliwa na msaidizi wake, Kalekye, yeye akiwa amelazwa.

“Kalekye, chembe zimesemaje?”

“Bado, dada. Nivumilie kidogo.”

Alifariki Jumanne, tarehe 10 Novemba 1998. Majibu yalitoka Ijumaa.

Chembe za waliomeza mafuta ya samaki zilitoa kemikali chache zaidi za uvimbe kuliko za wenzao. Ni utafiti mdogo, na hautuambii kwamba angepona. Yeye mwenyewe angetukemea tukisema hivyo. Lakini ni jibu, na limepatikana Makongeni. Tunalisoma hapa kwa sauti kwa sababu alilisubiri. Tungetoa chochote kumwona akilisikia, akivua miwani, akiuliza, “Mna hakika? Rudieni kupima.” Kalekye anarudia.

Ameacha mume, Bw. Luseno, mabinti Nafula na Khalayi, wazazi wake wote wawili, na mdogo wake Wafula, anayesoma wasifu huu.

Mungu ampe ile amani ambayo damu yake mwenyewe ilimnyima.